Polisi Anapoitwa kwa Ajili ya Mbwa

(Hotuba iliyosomwa na mwenzetu mmoja, Mkaguzi mstaafu wa Polisi, katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika kwenye ukumbi wa chakula wa shule. Tumeichapa kama alivyoisoma. – Mhariri)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze kwa nusu saa juu ya kazi ya polisi. Wenzangu waliosimama hapa miaka iliyopita wamesema juu ya benki, juu ya udaktari, na juu ya ujenzi wa barabara. Najua vijana wangependa niwasimulie habari za majambazi na risasi za usiku. Hayo nimeyaona, lakini hayakunifundisha mengi. Mimi nimechagua kuzungumza juu ya mbwa.

Naona mnacheka. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza nilipotumwa kazi ya mbwa. Baadaye nilikoma kucheka, na sababu yake nitawaeleza kabla sijakaa.

Wale wa rika langu, tuliomaliza Kidato cha Nne mwaka 1974, hawajamsahau Simba. Alikuwa mbwa wa mzee mlinzi wa shule hii, mwekundu, sikio moja limekatika. Jumamosi usiku baadhi yetu tulikuwa tukiruka ua nyuma ya jiko kwenda mjini kutazama senema. Majina sitataji, maana wengine leo ni wazee wa kanisa na wengine ni maimamu. Shida yetu haikuwa ua, shida ilikuwa Simba. Tukimwona tunatimua mbio, na tukikimbia naye anakuja. Mimi nilipoteza suruali mbili kwa njia hiyo, nami nilikuwa nazo tatu tu.

Usiku mmoja mzee mlinzi alinikuta nimeparamia ule mwembe. Hakunipeleka kwa mwalimu wa zamu. Aliniambia, "Mwanangu, mbwa akikimbiwa hufukuza. Shuka, simama, usimkodolee macho, mwache akunuse." Nikashuka huku magoti yanagongana. Simba akaninusa, akapiga chafya, akaenda zake. Nilijiunga na Jeshi la Polisi mwaka 1977, nikastaafu mwaka 2016. Katika miaka hiyo 39 sikupata somo juu ya mbwa lililo bora kuliko lile la chini ya mwembe.

Kwa nini mbwa?

Kijana anayeingia upolisi hudhani atakesha akipambana na wezi. Ukweli ni kwamba konstebo anaweza kumaliza mwaka mzima bila kukutana na jambazi mwenye silaha, lakini hawezi kumaliza wiki bila kukutana na mbwa. Mara mbwa ameuma mtu. Mara kuna mbwa koko kumi wanaozuia watu njia ya sokoni alfajiri. Mara mbwa anadhaniwa ana kichaa. Mara majirani wawili wamegombana, mmoja ana kuku na mwingine ana mbwa. Na mara nyingi zaidi kuliko zote hizo, askari hakuitwa kwa ajili ya mbwa hata kidogo. Amekwenda kupeleka hati ya wito, au kupekua nyumba, au kuuliza habari za msiba, na mbwa yupo pale mlangoni akimngoja. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa sana, na ndiyo inayoumiza askari wengi.

Maswali ya kaunta

Kazi ya mbwa huanzia kwenye kaunta, kabla mtu hajavaa kofia. Mwananchi hufika anahema, "Afande, mbwa!" Askari mvivu ataandika mstari mmoja na kuchukua bunduki. Askari mwenye akili atamkalisha yule mwananchi na kumwuliza maswali. Mbwa huyo ni wa nani? Yuko wapi sasa, amefungwa au yuko huru? Ameuma nani, mahali gani mwilini, na aliyeumwa yuko wapi? Je, mbwa ana watoto? Tabia yake imebadilika tangu lini? Amewahi kuchanjwa, na kadi ipo?

Maswali hayo hayamalizi dakika tano. Lakini majibu yake ndiyo yanayoonyesha nani wa kuongozana naye. Pengine anatakiwa afisa mifugo. Pengine anatakiwa mwenye mbwa mwenyewe, ambaye yuko shamba na hana habari. Pengine kinachotakiwa ni gari la kumpeleka mtoto hospitali, na mbwa atafuata baadaye. Askari asiyeuliza hufika mahali akiwa na chombo kimoja tu, na mwenye chombo kimoja hukitumia hata pasipofaa.

Kufika mahali

Gari lisimamishwe mbali kidogo na lizimwe. King'ora hakina kazi hapo. Mara nyingi hatari ya kwanza si mbwa, ni watu waliomzunguka. Utakuta vijana thelathini wenye mawe, watoto wamepanda ukuta, na mbwa katikati amezibiwa njia zote. Mnyama aliyezibiwa njia zote hana hila isipokuwa meno. Wazee wa pwani husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Basi mwonyeshe ufuko. Ondoa watu, watangulize watoto ndani ya nyumba, kisha mwachie mbwa njia moja inayoelekea mahali panapofungika, kama vile ua, banda, au choo kisichotumika. Akiingia, funga mlango. Nimeyaona mambo mengi ya mbwa yaliyokwisha kwa mlango kufungwa tu.

Ukienda kwenye nyumba ya mtu, bisha hodi langoni na usiingie. Tikisa lango kidogo, piga mluzi, ngoja. Kama mbwa yupo atakuja mwenyewe, na ni heri mjuane lango likiwa katikati yenu. Kibao cha "Mbwa Mkali" usikidharau hata kama rangi imefifia, wala usiamini kwamba pasipo na kibao hapana mbwa. Tazama chini: mnyororo, bakuli, mfupa, nyayo. Kisha mwambie mwenye nyumba amfunge mbwa ndiyo afungue lango. Atakujibu, "Huyu haumi, afande." Wenye mbwa wote husema hivyo, na wote husema kweli: yeye hamuumi.

Kumsoma mbwa

Watu wengi huamini kwamba mbwa akitikisa mkia amefurahi. Mkia peke yake hautoshi. Mtazame mbwa mzima. Akiwa amelegea, mwili unayumba pamoja na mkia, mdomo uko wazi kidogo, huyo hana neno. Akiwa amekakamaa kama mti, uzito ameuweka mbele, anakutazama bila kupepesa, midomo inapanda na meno yanaonekana, huyo anakuonya, na yafaa kumshukuru kwa kukuonya. Yule aliyeficha mkia miguuni na kulaza masikio anaogopa. Askari wengi humdharau huyo wa mwisho, wakanyoosha mkono. Mbwa mwenye hofu huuma upesi kuliko mwenye hasira.

Wapo pia wanne ambao hawasogelewi kwa pupa, hata kama jana walikuwa wapole: jike mwenye watoto, mbwa anayekula, mbwa aliyefungwa mnyororo, na mbwa aliyeumia. Mbwa aliyegongwa na gari humng'ata hata bwana wake anayelia kwa ajili yake.

Akikujia, fanya kama alivyosema mzee mlinzi. Usikimbie. Simama ubavu, usimkabili kifua kwa kifua. Mikono chini. Sema naye kwa sauti ya chini. Rudi nyuma polepole, wala usimpe mgongo. Weka kitu kati yako na yeye, iwe kofia, rungu, begi, au baiskeli. Akishika, na ashike hicho kitu badala ya mkono wako. Akikuangusha, jikunje kama mtoto tumboni, fumbata vidole nyuma ya shingo, mikono ifunike masikio, ukae kimya. Teke usimpige. Teke humwambia kwamba vita vimeanza.

Nakumbuka siku moja tulipokwenda kumkamata mtu aliyekuwa na mbwa watatu wakali sana. Wenzangu walitaka tuingie kwa nguvu alfajiri. Mimi nilikuwa sajini, nikaomba tungoje. Saa moja kasoro akatoka mtoto wa kike, labda wa miaka tisa, na ndoo ya maji. Nikamwamkua, nikamwuliza majina ya mbwa wao. Akayataja yote matatu. Nikamwomba awaite awafungie bandani, kwa kuwa wageni wake wanaogopa. Akawafungia, akacheka, akaenda kisimani. Tukabisha hodi, baba yake akafungua mlango amejitanda shuka, tukaondoka naye. Hakuna risasi iliyolia, na mtoto yule hakuona mbwa wake wakifa wala baba yake akiburutwa.

Juu ya bunduki

Sisemi bunduki isitumike kamwe. Mbwa akiwa anamrarua mtu na hakuna njia nyingine iliyobaki, askari hana budi. Ninachosema ni kwamba bunduki ni ya mwisho, na kwa mbwa ina ubaya wake wa pekee. Mbwa ni mfupi, ana mbio, hasimami. Risasi inayomkosa inakwenda chini, na ikikuta saruji au jiwe inaruka kwenda isikojulikana. Waliosimama pale ni majirani na watoto wao.

Wenzetu nchi za nje nao wamejifunza kwa gharama. Mwezi Januari mwaka 1998, katika mji wa San Jose huko Marekani, polisi walikwenda kupekua nyumba za watu fulani na kuwapiga mbwa wao risasi. Shauri lilifika mahakama ya rufani, na mwaka 2005 majaji wakawalaumu polisi. Sababu yao ni nzito. Polisi walijua kwa wiki nzima kwamba mbwa wamo katika nyumba zile, lakini hawakuwa na mpango wowote wa kuwazuia isipokuwa kuwaua. Mwaka 2013 jimbo la Colorado, nchi hiyo hiyo, lilitunga sheria ya kutaka askari wafundishwe namna ya kukutana na mbwa. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Sare ya polisi haimwondoi mtu katika sheria hiyo.

Kosa langu

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mwaka 1981 nilikuwa konstebo katika wilaya moja ya bara. Siku moja mchana wakaja watu wawili kusema kuna mbwa anayezunguka kijijini, anauma kila kitu, ameuma mbuzi na ameuma mtoto. Nilichukua bunduki nikapanda baiskeli. Sikuuliza swali lolote. Nilimkuta mbwa karibu na kisima, anatembea kama mlevi, udenda unamtoka, anang'ata kipande cha ukuni. Nikampiga risasi moja ya kichwa. Watu wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akanipa kuku. Vijana wakamchimbia mbwa shimo, wakamfukia.

Mama mmoja akanijia na mtoto wake wa kiume, umri wa kuingia darasa la kwanza. Alikuwa ameumwa kwenye mkono, juu ya kiganja, matundu mawili madogo ambayo yalikuwa yameacha kutoa damu. Mama akauliza, "Afande, sasa tufanye nini?" Nikamwambia, "Mama, usihofu, mbwa amekwisha kufa." Wakati ule watu waliogopa sana sindano za kichaa cha mbwa, maana zilikuwa nyingi, siku kwa siku, na zilipigwa tumboni. Hospitali ilikuwa mbali. Yule mama alisikia alichotaka kusikia, na aliyemwambia alikuwa mtu wa serikali. Nilirudi kituoni nikaandika katika kitabu: "Mbwa ameuawa. Shauri limekwisha."

Zilipita wiki kama saba. Asubuhi moja nikiwa kaunta, mama yule akaingia. Sikumtambua mara moja. Akasema, "Afande, mtoto anaogopa maji."

Alikuwa amekuja kwangu kwanza kabla ya kwenda hospitali, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia asihofu. Tulimpeleka mtoto kwa gari la kituo. Nilimshika mimi. Alikuwa na kiu, anaomba maji, na akiletewa kikombe koo linamkaza, anapiga kelele. Alifariki siku ya tatu. Sikuweza kwenda mazishini, nilimtuma mwenzangu apeleke rambirambi.

Ndugu zangu, linaloniuma zaidi ni hili. Katika shule hii hii, katika somo la Biolojia, nilifundishwa habari za Louis Pasteur. Nilijua kwamba mwezi Julai mwaka 1885, mjini Paris, alimchanja mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na yule mtoto akapona. Niliyaandika hayo katika mtihani nikapata maksi zangu. Miaka 96 baada ya Pasteur nikasimama mbele ya mtoto aliyeumwa, na yale niliyoyajua yakabaki kwenye daftari. Vijana, elimu isiyotoka kwenye daftari haimfai mtu.

Aliyeumwa kwanza, mbwa baadaye

Tangu siku ile nilifuata kanuni moja, nikawafundisha wote waliokuwa chini yangu: aliyeumwa kwanza, mbwa baadaye.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia kwenye jeraha, hata mkwaruzo mdogo, husafiri kwa kufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, mara nyingine wiki chache tu, mara nyingine zaidi ya mwaka. Muda huo mtu yuko mzima, anacheza na kula. Na muda huo ndio wa kumwokoa. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukisia kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15.

Basi askari akifika, jambo la kwanza ni maji na sabuni. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Kama hapana bomba, mtu amwagie kwa kata. Wasipake majivu, wala pilipili, wala mafuta ya taa. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Sindano za siku hizi ni chache na hupigwa mkononi. Mganga atampangia siku za kurudi, na asiache hata moja. Kwa majeraha mabaya mganga anaweza kuongeza dawa nyingine kwenye jeraha lenyewe. Karatasi za polisi zisimcheleweshe. Maelezo yake yanaweza kuandikwa kesho, lakini chanjo haingoji kesho.

Kufa kwa mbwa hakumponyi aliyeumwa. Kinyume chake, mbwa aliyeuawa ovyo huondoka na ushahidi. Kama mbwa aliyeuma anaonekana mzima na mwenyewe anajulikana, asiuawe. Afungwe mahali salama, afisa mifugo amwangalie kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa hai na mzima, ndipo tunajua kwamba siku aliyouma mate yake hayakuwa na ugonjwa, na mganga ataamua juu ya chanjo zilizobaki. Lakini chanjo ianze siku ya kwanza, isingoje hizo kumi zipite. Na kama ni lazima mbwa auawe, asipigwe kichwani, maana ubongo ndio unaopimwa maabara. Mimi mwaka 1981 niliuharibu ubongo kwa risasi na kuufukia ardhini, watu wakanishangilia. Mzoga usishikwe kwa mikono mitupu, afisa mifugo ndiye ajuaye namna ya kuchukua kichwa na kukipeleka kikiwa katika barafu.

Dalili za kumtambua mbwa wa namna hiyo si ukali peke yake. Mbwa mpole anayekuwa mkali bila sababu, na mbwa mkali anayekuwa mpole ghafla, wote washukiwe. Sauti hubadilika, taya hulegea, udenda hutoka, hawezi kumeza, hung'ata mawe na vijiti, huzurura bila kujua aendako. Wengine hujificha gizani wakapooza. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa, akamtia mkono kinywani. Msifanye hivyo kamwe.

Nilipohamishiwa pwani nilijifunza jambo jingine. Kwa Waislamu wenzetu mate ya mbwa ni najisi. Askari aliyetoka kushika mbwa asiingie ndani ya nyumba na kukanyaga misala. Asimame barazani, aombe maji, aulize. Heshima hiyo ndogo humfungulia milango mingi. Na pale aliyeumwa anapokuwa amekwisha jiosha kwa ajili ya tohara, aambiwe kwa upole kwamba amefanya vema, lakini sabuni na hospitali bado vinamdai.

Shauri la majirani

Mtu akishatibiwa, linabaki shauri. Hapa subira inatakiwa. Mwenye mbwa huona mlinzi wake na rafiki yake anashtakiwa, na aliyeumwa huona damu ya mwanawe. Askari asitoe hukumu kaunta. Aandike majina, mahali, saa, mbwa alivyo, kadi ya chanjo ipo au haipo, lango lilikuwa wazi au limefungwa. Aulize kilichotangulia, maana mara nyingine mbwa alichokozwa kwa mawe. Lakini asimlaumu mtoto mbele ya mama yake. Amhusishe mwenyekiti wa mtaa. Nimeona mashauri mengi yakimalizika kwa mwenye mbwa kulipa gharama za matibabu na nauli, na kujenga ua.

Ombi langu

Ndugu Mwalimu Mkuu, nina ombi kwako, na nimelibeba tangu asubuhi nilipopita chini ya ule mwembe. Umezeeka, lakini upo. Najua kwamba hata leo wapo vijana wanaoruka ua. Siwatetei. Lakini hebu fikiri kijana wa Kidato cha Pili aliyeumwa na mbwa usiku, nje ya shule, mahali asiporuhusiwa kuwa. Atasema? Mimi nisingesema. Niliporaruliwa suruali yangu ya pili nilipata mkwaruzo mguuni, nikaufunga kwa kitambaa, nikaenda darasani, kwa kuwa niliogopa fimbo kuliko kitu kingine chochote. Simba alikuwa mzima, ndiyo maana nipo hapa. Naomba itangazwe kwamba mwanafunzi atakayesema ameumwa na mbwa hatapata adhabu kwa siku hiyo, popote alipokuwa. Fimbo moja ikisamehewa ni hasara ndogo.

Ombi la pili ni kwenu, ndugu zangu wa chama. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kuua mbwa koko hakujaumaliza ugonjwa huu popote, kinachoumaliza ni kuchanja mbwa. Wataalamu wanasema wakichanjwa 70 kati ya kila mbwa 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Si maneno ya vitabuni tu. Kisiwa cha Pemba kilifaulu kuutokomeza mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016, wakarudia kuchanja, na mwaka 2018 ukatoweka tena. Nashauri kila Septemba mchango wetu ununue chanjo za mbwa wa vijiji vinavyoizunguka shule hii, afisa mifugo aje, na vijana wa hapa wawe makarani wa kuandika kadi. Nimekwisha mpa Mweka Hazina mchango wangu wa kwanza, mwulizeni.

Kitabu kile cha kituo nilichoandika mwaka 1981 bila shaka kimekwisha liwa na mchwa. Lakini ule mstari nausoma kila siku: "Mbwa ameuawa. Shauri limekwisha." Shauri halikuwa limekwisha. Lilikuwa ndiyo kwanza linaanza, katika mkono wa mtoto, nami nilikuwa nimelifungia kitabu.

Vijana, mbwa akikujieni, simameni. Akikuumeni, semeni.